Mbavu za Chiriku

Kidole gumba cha Maimuna kilizama ndani ya nguzo ya mlango kama kinavyozama kwenye papai lililoiva, na hapo ndipo alipojua kwamba Chiriku ameliwa.

Akakichomoa polepole. Kucha ilijaa udongo mwekundu, laini kama unga. Akagonga mahali pengine, karibu na kioo cha mbele, na badala ya kusikia ko, ko, ya mti mzima, akasikia ule mlio mfu ambao kila mama wa Busia anaujua, maana ameshausikia kwenye mlango wa jikoni na kwenye miguu ya kitanda. Mchwa.

"Eh, Edris," alisema peke yake pale bandani, "umeniachia ngozi tu."

Chiriku lilikuwa jina la gari. Gari lenyewe lilikuwa Em Ji ya Kiingereza ya mwaka wa hamsini na mbili, la watu wawili, lisilo na paa la bati, rangi yake kijani cha jani changa la mgomba. Pua lilikuwa nayo ndefu, na taa mbili za mviringo zilizotokeza kama macho ya mtu aliyeshtuliwa. Injinia mmoja Mzungu wa kiwanda cha pamba ndiye aliyekuja nalo. Alipofunga virago kurudi kwao mwaka wa sitini na nne, alimpa Edris ufunguo, kwa sababu ni Edris peke yake aliyeweza kuliamsha asubuhi za baridi. Edris akaliita Chiriku, maana likishawaka halinyamazi. Kila Idd alimpandisha mkewe Maimuna ndani, wakapita mjini polepole watu wawaone, wakafika kwenye kizuizi cha mpaka, wakageuza. Kisha akamfundisha kuliendesha. Siku ya mtihani wa leseni Maimuna alikuwa mwanamke pekee kwenye foleni, na askari akamwuliza, "Mama, wewe umemsindikiza nani?"

Edris alikuwa fundi, na fundi akiwa chini ya gari anahitaji mtu wa kumpa spana. Kwa miaka kumi mtu huyo alikuwa Maimuna. Alikaa kando na cherehani yake, anashona sare za shule huku anasikiliza: spana namba ngapi, nati ipi inafunguka kinyume, kabureta ipi inapumua kwa shida. Hakuna aliyedhani kwamba anajifunza. Hata yeye mwenyewe hakudhani.

Halafu Edris akaugua, akaugua sana, na ikafika siku akazikwa. Ilipoingia sabini na nne, alikuwa na miaka miwili kaburini, na gari lilikuwa na miaka minne juu ya mawe. Na kesho yake baada ya kidole kuzama, Jumapili, shemeji Dauda alikuwa anakuja kutoka Malaba kuzungumza habari ya banda.

Dauda hakuwa mtu mbaya, msimwone hivyo. Alikuwa kaka mkubwa wa Edris, mtu wa kutoa mizigo forodhani, mnene, mcheshi, kanzu yake nyeupe mpaka inaumiza macho. Kiwanja kilikuwa cha ukoo, na yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Alikuja na mtu mwembamba aliyebeba nyundo kubwa. Huyo alikuwa Ochom, mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Ochom alilizunguka gari akiligonga hapa na pale kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Hii itatoa majiko, mama," alisema kwa heshima. "Majiko mengi. Na karai."

"Ondoa mkono," Maimuna akamwambia.

Dauda alikuwa amekaa kwenye kiti, sahani ya pilau magotini. Akaweka kijiko chini.

"Shemeji, nisikilize. Kila nikija hapa kula chakula chako, nikigeuza uso naona kaburi la pili la ndugu yangu. Lile la kwanza linanitosha. Liache liende. Banda nitaweka mizigo, na wewe utapumua."

Maimuna alisimama na jagi la maji mkononi. Akisema gari litatembea, watamcheka. Akisema limeliwa na mchwa, Ochom ataanza kazi leo leo. Akatazama ule mlango wa kijani, unavyong'aa kwa nje kama kwamba hauna shida yoyote duniani. Ndipo akamkumbuka bibi yao.

Dauda na Edris walilelewa na bibi yao, na bibi huyo alikuwa hakimu wa vitendawili. Wakigombania kitu, mmoja alitega. Mwenzake akishindwa, lazima atoe mji, kama ilivyo desturi kila mahali. Lakini kwa bibi huyo kulikuwa na sheria moja zaidi: mji ukishatolewa haurudi, na aliyetega ana haki ya kwenda kuuchukua kabla hajatoa jibu. Ndugu hawa walikuwa na mvi na bado waliamulia hivyo paja la kuku.

"Shemeji Dauda," Maimuna akasema. "Kitendawili."

Dauda akaacha kutafuna. Uso ukamfunguka kama wa mtoto. "Tega!"

"Niliwakaribisha wageni, wakala nyumba yote, wakaniachia rangi."

"Moto."

"Moto unaacha rangi?"

"Panya."

"Panya anaacha mashimo."

Dauda alifikiri, akajikuna kidevu. "Basi ni mashemeji!"

Alaso alicheka mpaka akashika ukuta. Alaso alikuwa jirani, mama wa Kiteso anayeuza omena, dagaa wa ziwani, aliyekuja kuomba chumvi asubuhi na akakataa kuondoka. "Huyo amejijibu mwenyewe," akasema. "Mwangalie na hiyo pilau!"

"Umeshindwa, shemeji," Maimuna akasema. "Nipe mji."

"Haya, haya. Nakupa Malaba. Mji wangu mwenyewe, na nyumba yangu, na mbuzi wangu wote. Chukua. Sasa jibu."

"Kwanza nifike."

"Si useme tu umefika? 'Nilikwenda Malaba, nikala, nikashiba, nikarudi.' Ndivyo watu wanavyosema."

"Wengine wanakwenda kwa mdomo. Mimi nitakwenda na Chiriku. Jibu utalipata mlangoni kwako."

Ochom alishusha nyundo.

"Shemeji, hili gari lina miaka minne halijasogea."

"Umenipa mji. Bibi yenu alisemaje kuhusu mji uliokwisha kutolewa?"

Dauda aliuma mdomo. Alitazama dari, akatazama sahani. "Alisema haurudi," akanong'ona. Kisha akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. "Sawa! Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani. Unifikie kabla sijatoka kwenda msikitini. Kwa magurudumu yake mwenyewe! Hakuna kuvutwa na lori, hakuna kusukumwa na vijana. Ukifika, gari ni lako na banda ni lake, na mimi sitasema neno tena mpaka nife. Usipofika, Ochom ataanza Jumamosi."

"Saa moja asubuhi," akasema Ochom, bila ubaya, kama mtu anayeweka miadi.

Walipoondoka, Alaso alisogea akamshika mkono. "Mama Zaitun," akamwita kwa jina la mtoto wake, "una wazimu. Hiyo jibu ni nini?"

Maimuna akamwonyesha kucha yenye udongo.

"Woi," akasema Alaso.

Na hapo ndipo ilipokuwa shida. Magari mengine yana mifupa ya chuma. Chiriku, kiunzi cha chini kilikuwa cha chuma, lakini bodi yote juu yake ilijengwa juu ya mbavu za mti, na bati likapigiliwa juu kama ngozi. Kitabu cha gari kilisema hivyo na kilikuwa na picha. Maimuna alikuwa amesoma mpaka darasa la sita, akakisoma Kiingereza chake kwa kidole, neno baada ya neno, mpaka akaelewa kwamba huo mti unatoka kwao Uingereza na hapa hakuna aliyewahi kuuona. Akawaendea maseremala wa Busia mmoja mmoja. Wa kwanza alitazama picha ya ubavu uliopinda, akatikisa kichwa. "Mama, mimi natengeneza kitanda. Kitanda kinanyooka." Wa pili alitengeneza masanduku ya maiti, nayo pia yananyooka. Wa tatu alimwuliza kama amemwambia mtu wa kwao kuhusu hali ya kichwa chake.

"Kwa nini unatafuta watu wa kunyoosha?" Alaso akamwambia siku hiyo jioni, akichambua omena. "Tafuta mtu wa kupinda. Pale ziwani, Sio Port kwa Wasamia, ninakochukua hii omena kuna mzee anaitwa Okwara. Anajenga mitumbwi. Hiyo mzee hajanyoosha kitu tangu azaliwe."

Okwara alishuka kwenye basi wiki iliyofuata na sanduku lake la vyombo kichwani, akinuka lami. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, kofia ya kanisani kichwani na msalaba mdogo shingoni. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja bandani, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya bati la ubavuni, akatulia kama daktari.

"Mama," akasema mwishowe, "nani alikwambia hii ni gari?"

"Ni nini, fundi?"

"Hii ni mtumbwi wamewekea magurudumu. Iko na mbavu, iko na mbao za chini, iko na mkia." Akatoa kofia. "Huyo aliijenga ni mtu wangu kabisa. Sema tu hatujaonana."

Maimuna akajua amepata.

Miezi mitatu walifanya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya kutazama. Okwara aling'oa bati kipande kwa kipande, hakulikunja hata mahali pamoja. Ndani, mahali pengi mti ulikuwa umekwisha wote. Lakini mchwa wana tabia yao: wakila mti wanajaza udongo, na udongo ulikuwa umesimama pale, mgumu, kwa umbo lile lile la ubavu uliokuwapo. Okwara hakuugusa kwa siku mbili. Aliupima kwa kamba, akauchora juu ya karatasi za sukari, upana, mpindo, tundu la kila skrubu.

"Hawa ni mafundi," alisema akimwonyesha Maimuna. "Wamekula, lakini wametuachia ramani. Mimi nikila samaki siachi ramani."

Kwa mbavu zilizonyooka alitumia mvule mkavu. Kwa zile za nyuma, zilizopinda juu ya magurudumu, alikataa kuunganisha vipande. Akapanda basi kwenda Namboboto na akatembea mashamba siku tatu, shingo juu, akitafuta tawi lililokua likiwa limepinda vile vile. Alirudi na matawi mawili begani. Akaweka moja juu ya mchoro wake, na mpindo ukaingia ndani ya mpindo. Ochom, ambaye alikuwa ameanza kupita pale kila siku "kuangalia chuma yake", alifungua mdomo akausahau wazi.

Maimuna naye hakulala. Injini ilikuwa yake. Aliifungua yote, akaipanga juu ya mkeka kwa mpangilio, akasafisha kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki wa meno. Alishona viti kwa turubai ya lori na uzi wa viatu, mishono imenyooka kama ya sare za shule. Ochom alimletea betri kutoka kwenye lori lililokufa, akataka kuifunga mwenyewe. Alikuwa ameshika waya wa upande wa kutoa ili aufunge kwenye mwili wa gari, kama magari mengine yote, na Maimuna akampiga kofi mkononi.

"Utaniunguzia gari! Huyu anafungwa kinyume. Kwa Chiriku, upande wa kujumlisha ndio unakwenda mwilini."

"Nani alisema?"

"Edris alisema. Alinifanya nirudie mara mia."

Ochom akarudisha mkono mfukoni. Tangu siku hiyo alimwita "boss".

Siku ya kuwasha, Maimuna alichukua kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Chiriku ana kabureta mbili, na lazima zivute pumzi sawa sawa. Alisikiliza ya kwanza. Shhhh. Akahamia ya pili. Sssss. Akakaza skrubu kidogo, robo ya robo. Akarudi. Alifanya hivyo muda mrefu, macho amefumba, mguu mmoja nje ya kiatu. Okwara alimwangalia akiwa ameshika randa yake kifuani.

"Anasikiliza kama mtu anayemsikiliza mtoto tumboni," alimwambia Alaso.

Na ghafla zile sauti mbili zikawa moja. Injini ikatulia, ikaanza kuongea ule umbea wake wa zamani, chiri-chiri-chiri, na Maimuna akakaa chini palepale kwenye mafuta, akalia kidogo, akajifuta uso, akauchafua zaidi.

Okwara alimaliza sakafu wiki ya mwisho. Hii alisema ndiyo atakayokumbukwa nayo. Mbao za mvule zilibanana, na kila mwanya aliupigilia pamba kwa patasi, akapitisha lami ya moto juu, kama anavyofanya chini ya mtumbwi. Hata pale pedali zinapotokea chini, alizungushia ngozi ya mbuzi na kuishona. Kisha akaita watu wote.

"Lete ndoo ya maji."

Akaimwaga yote ndani ya gari, mbele ya macho yao. Akawasha sigara. Akaivuta mpaka mwisho. Alaso alilala kifudifudi akachungulia chini ya gari.

"Hakuna hata tone!" akapiga kelele.

Wakapiga makofi. Maimuna pia alipiga makofi. Injini aliijua, mbao hakuzijua, na alichoona ni kazi safi kuliko zote alizopata kuona maishani. Wakayachota yale maji kwa kopo, wakapanguza kwa kanga kuukuu, wakafurahi.

Ijumaa yenyewe ikafika. Walikuwa waondoke saa tatu, lakini Okwara alikataa kukaa mpaka agonge kila ubavu kwa mara ya mwisho, kisha akataka kuomba, kisha akasema sanduku lake la vyombo haliachwi nyuma. Ikawa saa nne na nusu. Malaba ni mwendo wa saa moja na kidogo, kwa barabara ile ya murram isiyo na lami. Maimuna alifunga kilemba kwa nguvu, akavuta kitufe. Chiriku akaitika mara ya kwanza. Watu wa madukani walitoka nje, wabadilisha fedha wakasimama na noti mikononi. Madereva wa malori wakapiga honi.

"Mama, pole pole na mbavu zangu!" Okwara alipiga kelele, ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Mbavu zako hazilii. Sikiliza."

Akasikiliza. Barabara ilikuwa na mabonde kama mgongo wa mamba, na mbao hazikutoa hata mlio. Okwara akaachia mkono mmoja, halafu wa pili. Walipopita Alupe alikuwa amekunja mikono kifuani kama mwenyekiti. Alikuwa hajawahi kukaa chini namna ile, karibu na ardhi, mashamba ya mihogo yakimpita masikioni. Akamtazama huyu mama anayebadilisha gia bila kuangalia, kanyaga, sukuma, achia, kama anayekanyaga cherehani. Akajisemea moyoni kwamba ameona mabaharia wengi, lakini nahodha ni huyu.

Mvua iliwakuta kabla ya Adungosi. Haikunyunyiza kwanza. Ilimwagwa. Paa la turubai lilikuwa limeliwa na panya zamani, na Maimuna alikuwa amesema jua la Septemba halihitaji paa. Wakaendelea, maji yakiwapiga usoni. Mara Okwara akainua miguu.

"Mama! Maji yanaingia!"

"Yanaingia kutoka juu, fundi."

"Na yanatoka nje wapi?"

Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, na hayakuwa na haraka ya kwenda popote. Walipoanza kuteremka mlima, yote yalikimbilia mbele kwa pamoja, yakafunika pedali. Kiatu cha plastiki cha Maimuna kikateleza juu ya breki. Gari likapepesuka, likaelekea mtaroni. Aliitafuta breki kwa mguu mtupu chini ya maji, akaipata, likasimama gurudumu moja likiwa linaning'inia ukingoni.

Wakakaa. Mvua ikaendelea kujaza.

Okwara alichukua kopo akaanza kuchota, kwa haraka, kama walivyozoea watu wa ziwani. Akachota kumi, ishirini, thelathini. Yaliyoingia yalikuwa mengi kuliko yaliyotoka. Lori lenye namba za Uganda likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa. "Nnyabo! Mnavua samaki humo? Niwavute mpaka Malaba, kamba ninayo!"

Maimuna aliitazama ile kamba. Saa ya Okwara ilikuwa saa sita kasoro robo. Akaona kichwani uso wa Ochom, na ile nyundo. "Asante, ssebo," akasema kwa heshima ya Kiganda. "Tunakwenda wenyewe."

Lori likaenda. Akamgeukia Okwara.

"Fundi. Mtumbwi unaogopa maji ya chini. Gari linaogopa ya juu. Itabidi utoboe."

Okwara aliacha kuchota. "Nitoboe nini?"

"Sakafu."

"Mama Zaitun." Alikumbatia kopo. "Miaka thelathini. Watu wamelala katikati ya ziwa wakikoroma, kwa sababu ni Okwara ametengeneza chini. Sijawahi kutoboa chini. Mkono wangu haujui."

Maimuna hakumpigia kelele. Hata baadaye, Okwara alilikumbuka hilo kuliko yote. Alikuwa amelowa mpaka mfupani, gari lake likiwa ukingoni mwa mtaro na saa ikienda, na akazungumza kama mtu aliyeketi sebuleni.

"Ulipomwaga ile ndoo nilipiga makofi. Kosa ni letu sote wawili. Sasa ubavu ni wako, sakafu ni yako. Nikimwita mtu mwingine aitoboe ataipasua. Wewe utaitoboa vizuri."

Okwara akafungua sanduku, akatoa keekee. Alipapasa mbao chini ya maji, akatafuta katikati ya ubao, mbali na mwanya, mahali ambapo hapatapasuka. Akageuza uso pembeni kama mtu anayechomwa sindano, na akazungusha. Mvule mgumu ulilia. Mara maji yakaanza kuzunguka, yakanywewa, grrr, chini ya gari. Akatoboa la pili upande wa pili. La tatu. La nne alilitoboa akiwa anatazama, na tundu likatoka mviringo safi, bila hata kibanzi.

"Sawa," akasema, akijifuta pua. "Sasa twende kabla sijalia."

Maimuna akaingiza gia ya nyuma, akaachia klachi taratibu, taratibu, mpaka gurudumu lile likapata ardhi. Na Chiriku, akimwaga maji kwa mikondo minne kama ng'ombe aliyechelewa kutolewa zizini, akamaliza mteremko, akapanda mlima wa pili.

Dauda alikuwa mlangoni kwake Malaba, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, mguu mmoja umeshatoka nje. Adhana ilikuwa bado. Alisikia kabla ya kuona: chiri-chiri-chiri. Alisimama vile vile, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Gari la kijani lilikata kona, limepakwa matope mpaka kwenye taa, na ndani yake walikaa watu wawili waliolowa kama kuku. Likasimama mbele ya mlango wake. Maimuna hakuzima.

"Shemeji," akasema. "Ulinipa Malaba. Nilikwenda, nikafika. Sijala wala sijashiba, lakini nimefika. Jibu ni mchwa."

Dauda alitazama gari. "Mchwa?"

"Walikula nyumba yote wakaniachia rangi. Siku ile unakula pilau, gari halikuwa na hata ubavu mmoja. Gonga sasa."

Dauda akasogea. Akagonga nguzo ya mlango kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Akagonga tena, kwa nyuma, pale palipopinda. Ko, ko, ko. Akaweka kiganja chote juu ya bati akakiacha hapo, na injini ikamtetemesha mpaka begani. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Nilidhani ni kaburi," alisema. "Huyu anaongea vile vile. Anaongea kama wakati ule."

"Anaongea."

"Ni wako, shemeji. Na banda ni lake. Sitasema neno tena." Akanyamaza, akasema neno. "Hebu nipeleke msikitini."

"Shemeji, kiti kime—"

Lakini Okwara alikuwa ameshashuka, na Dauda ameshakaa. Kilichosikika ni kama mtu aliyekalia sifongo. Dauda alifumba macho, maji ya Adungosi yakipanda kwenye kanzu, akafikiri kidogo, akaamua kwamba maji ya mvua ni safi. "Endesha," akasema kwa heshima zote. Wakaenda, yeye amekaa wima kama bwana harusi, akimpungia mkono kila mtu wa Malaba anayemjua na wengine asiowajua.

Okwara alibaki mlangoni. Alitafuta kijiti cha mti mkavu kwenye kuni za mke wa Dauda, akatoa kisu, akakaa kwenye ngazi. Waliporudi kutoka kwenye swala walimkuta amechonga vizibo vinne, laini, kila kimoja kimefungwa uzi wake ili kisipotee.

"Vya nini tena, fundi?" Maimuna akamwuliza.

Okwara aliingia chini ya gari akajaribu kimoja kwenye tundu. Kiliingia, kikabana.

"Huwezi kujua," sauti yake ikatoka huko chini. "Siku moja unaweza kutaka kwenda Sio Port, ukafika ziwani, ukaamua kuendelea."